Kijiti Kikizama, Nipigie

Kila Jumamosi asubuhi, mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate ulikuwa na vurugu kuliko ule wa mbele. Mbele watu walinunua mikate kwa foleni na adabu zao. Nyuma waligombea ndoo. Zilikuwa ndoo za siagi zilizokwisha, nyeupe, imara, zenye mifuniko yake, na zilitolewa bure. Mafundi rangi, wafuga kuku na wauza juisi walisukumana utadhani ndani bado kuna siagi.

Mpiga pasi alifika amechelewa, kwa mwendo wa mtu asiyejali kama atafika. Alikuwa mwanamke mrefu, wa umri ule ambao mashangazi bado wanauliza maswali na majirani wameshachoka kuuliza. Gauni lake la kijivu lilikuwa limenyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Uso wake nao ulikuwa hivyo hivyo, kama umepitishiwa pasi, hauna mkunjo wa kicheko wala wa hasira. Alipenyeza mkono katikati ya viwiko vya watu akashika mpini wa ndoo. Zilikuwa zimebaki mbili tu, na ya pili ilikuwa imeshikwa na mkono mwingine.

Mwenye mkono huo alikuwa kinyozi. Ungemjua hata ukiwa umefumba macho, kwa ile harufu ya spiriti na poda. Alivaa shati la maua lililoachwa vifungo viwili wazi, na nywele zake zilikuwa zimechorwa mstari ulionyooka kuliko barabara yote ya mtaa ule.

"Dada, samahani," akasema. "Hiyo uliyoshika ni pacha wa hii yangu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nazitaka zote mbili."

"Na mimi."

Kinyozi alisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Wateja wake wote walikuwa wanapenda kuongea, kwa hiyo ukimya ule ulimkereketa.

"Ukiniambia unazitaka za nini, labda nitakuachia."

"Za kupandia nyanya. Moja inaingia ndani ya nyingine. Ya chini inakaa maji, ya juu inakaa udongo."

"Zile zinazojinywesha zenyewe!" Kinyozi alipaza sauti mpaka fundi rangi mmoja akageuka. "Na mimi ndizo ninazotaka! Mteja alinionyesha kwenye simu yake, nikasahau kumnyoa upande mmoja. Una mahali pa kuziweka?"

"Nina uwanja wa nyuma. Mdogo."

"Unapata jua?"

"Asubuhi mpaka mchana."

"Mimi nina kibaraza cha ghorofani. Kinapata moshi wa jirani." Akainua ndoo yake, akaitazama ya mwenzake. "Sasa angalia, dada yangu. Mimi nina ndoo. Wewe una ndoo na jua. Tukiachana hapa, kila mtu anarudi kwake na chombo cha kuogea. Tukiziunganisha, tunakula nyanya. Nusu kwa nusu. Unasemaje?"

"Sawa."

"Hata jina langu hujauliza."

"Wewe ni kinyozi. Unanuka spiriti."

Kinyozi aliangua kicheko. "Basi mimi Kinyozi, na wewe Bi Ndoo. Nionyeshe njia."

Jina likashika, na hata sisi tutamwita hivyo. Lile neno la "sawa" nalo msomaji aliweke akilini. Kinyozi alidhani amekubaliwa. Hakujua kwamba Bi Ndoo alikuwa anajibu hivyo kila kitu. Mwenye duka la dobi akimwambia abaki hadi jioni, sawa. Chai ikija baridi, sawa. Wakimwambia pole, sawa.

Ilianza mama yake alipofariki. Alimuuguza muda mrefu, akamnawisha, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko, na siku mama alipokata roho watu walikaa tayari kumshika. Hakuanguka. Alipiga pasi shuka zote za nyumba, akazikunja, akaziweka kabatini. Majirani wakasema ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma, moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya. Tofauti ni kwamba mguu ukiukanyagisha unarudi, na huu wake ulikuwa haujarudi.

Mama yake alikuwa ameacha makopo yaliyopandwa mboga kwenye uwanja wa nyuma, yamepangwa ukutani chini ya kamba ya nguo. Yote yalikauka. Ndiyo maana Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, aliyehamia pale ili mpwa wake asibaki peke yake, alipoziona zile ndoo kwenye simu alipiga kelele ya furaha.

"Hizi hata wewe huna uwezo wa kuziua!" alisema. "Nenda kachukue ndoo."

Akaenda, na akarudi na mwanamume.

Mama Mdogo alimpima Kinyozi kuanzia viatu hadi mstari wa nywele, akaingia ndani kupaka rangi ya kucha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Alikuwa mama wa umbo la duara, mwenye kanga mabegani na mdomo usiofungwa.

"Baba, karibu. Utakunywa chai? Una mke?"

"Chai nitakunywa, mama. Mke sina."

"Sukari ngapi?" akauliza Mama Mdogo, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu alilolitaka.

Kazi ilifanyika uwanjani, sehemu isiyozidi chumba kimoja, saruji chini, kuta pande tatu, na mashati ya watu yakining'inia juu ya vichwa vyao. Walitoboa kitako cha ndoo ya juu tundu kubwa katikati, wakapitisha kikombe cha plastiki chenye matundu, kikashindiliwa udongo ili kizame kwenye maji na kuyavuta juu taratibu. Pembeni wakapitisha kipande cha bomba, mdomo mmoja juu, mwingine chini, wa kumiminia maji. Ubavuni mwa ndoo ya chini wakaweka tundu dogo la kutolea maji yakizidi. Ndani ya bomba Kinyozi akatumbukiza kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye boya dogo, na Mama Mdogo akakipaka kichwa rangi yake nyekundu ya kucha.

"Maji yakiwepo, boya linaelea, kichwa chekundu kinachungulia," Kinyozi akaeleza. "Yakiisha, kinazama. Hakuna kubahatisha."

Bi Ndoo ndiye aliyekuwa anatoboa, kwa msumari uliopashwa moto. Msumari uliteleza, ukamgusa kidole. Ukakaa. Kinyozi aliuona kabla ya mwenye kidole, akaupiga teke.

"Mama yangu! Hukusikia moto?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini?"

Kinyozi aliushika mkono wake, akauzamisha kwenye maji ya ndoo, akaushikilia humo. Alimtazama mwanamke yule aliyetulia kama anangoja basi, na pale pale, mkono ukiwa majini, akampenda. Sijui kwa nini watu hupenda walipopaswa kukimbia. Yeye mwenyewe hakujua.

"Sikiliza, Bi Ndoo. Tugawane kazi. Wewe umetoa jua, mimi nitatoa maji. Usijaze wewe. Kijiti kikizama, nipigie, nitakuja kujaza. Tumeelewana?"

"Sawa."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokwenda, kwa kufuata kijiti. Mche wa nyanya ulipokuwa mdogo haukunywa sana, na Kinyozi alilazimika kutafuta sababu nyingine za kupita. Alileta ndoo zaidi, pea kwa pea, mpaka mchicha na pilipili hoho zikapata makazi. Kila mchana, duka likiwa halina mteja, alipiga simu.

"Bi Ndoo wangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto hawajambo?"

"Wamesimama. Nyanya imetoa maua."

"Ee! Na hukunipigia kunipa hongera?"

"Umepiga wewe."

"Haya, na kijiti?"

"Kimeshuka nusu."

"Basi kesho kitazama, nitakuona. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, kipenzi?"

"Sikumbuki."

Mwingine angeona anadharauliwa. Kinyozi aliona bado mlango haujafungwa. Alikuja na kopo la maji, akamimina kwenye bomba mpaka tundu la ubavuni likadondosha, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusimulia habari za vichwa vya watu. Kuna mzee aliyetaka anyolewe kama mjukuu wake. Kuna bwana harusi aliyesinzia akaamka hana sharubu. Mama Mdogo, aliyejificha nyuma ya pazia la jikoni, alicheka mpaka akajikwaa kwenye masufuria. Bi Ndoo alisikiliza, mikono mapajani. Jambo moja tu alilibadilisha, na hakumwambia mtu: siku alizojua kijiti kitazama, alivaa gauni la bluu.

Hakujua kwa nini analivaa. Alilinyoosha, akalivaa, basi.

Nyanya ya kwanza iliiva siku ya Jumapili. Kinyozi alikuja amevaa shati jeupe, kisu kidogo mfukoni na chumvi kwenye kikaratasi. Akaichuma, akaikata katikati juu ya mfuniko wa ndoo, akanyunyiza chumvi, akampa nusu yake kama walivyokubaliana siku ya kwanza.

Bi Ndoo alikula.

"Ikoje?"

"Sawa."

"Sawa tu? Nyanya yetu ya kwanza?"

"Ni nyanya."

Kinyozi alimeza nusu yake bila kutafuna vizuri. Hotuba aliyokuwa ameiandaa wiki nzima ilimtoka kichwani, ikabaki kiini chake tu.

"Nataka kukuoa. Nikisema hivyo, utasemaje?"

Nyuma ya pazia, Mama Mdogo alishika kifua.

"Sawa," akasema Bi Ndoo.

Hapo ndipo lile neno lilipomchoma. Kinyozi aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali yake safi, akasahau kwamba ni safi.

"Hapana. Usinijibu hivyo."

"Si nimekubali?"

"Umekubali kama unavyokubali chai baridi! Leo nikikuambia nakuoa, sawa. Kesho nikikuambia nakuacha, utasemaje?"

Bi Ndoo alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Nadhani nitasema sawa."

"Unanipenda?"

"Sijui. Sisikii kitu. Siyo wewe, ni kila kitu. Sijui kama nakupenda au nimekuzoea. Nikijua nitakuambia."

Alisema kweli tupu, na ndiyo maana iliuma. Kinyozi alisimama katikati ya mashati ya watu yaliyokuwa yanadondosha maji, akatafuta mzaha wa kujifunika, akaukosa.

"Mimi nitangoja," akasema hatimaye, "lakini siwezi kungojea hapa nikikutazama. Ndoo nimejaza leo. Kijiti cha nyanya kikizama, nipigie. Nitakuja kujaza kama tulivyokubaliana. Siku hiyo ukiwa na neno lingine, utaniambia. Usipokuwa nalo, nitajaza maji nirudi kwangu. Na kama hutaki nije kabisa, jaza mwenyewe, nitaelewa."

Akaondoka. Kikaratasi cha chumvi kilibaki juu ya mfuniko.

Mama Mdogo alisikia mpaka pale penye "sawa," akakimbilia chumbani kutafuta kitambaa cha kushonea gauni la harusi. Aliporudi mwanamume hayupo, na mpwa wake anaanika soksi.

"Amekwenda wapi mkwe wangu?"

"Kwake."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu, na ukitaka kumtesa Mama Mdogo, usimwambie kitu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Bi Ndoo alitoka uwanjani kutazama kijiti. Kichwa chekundu kilikuwa juu. Siku iliyofuata kilikuwa juu. Jua lilikuwa kali na nyanya ilikuwa imejaa matunda, na mmea wa namna hiyo hunywa kama mlevi. Kijiti kilipaswa kuwa kimezama zamani. Lakini kila asubuhi kilisimama pale pale, na Bi Ndoo alikitazama, akaenda kazini, akarudi jioni akakitazama tena.

Mtu mwingine angeshangaa, au angalau angefunua ndoo. Mtu aliyekufa ganzi hashangai. Mama yake, mzima wa afya, aliugua, na dunia ikaendelea. Maji kutoisha lilikuwa jambo dogo. Kijiti kilisema bado, yeye akakubali kwamba bado. Hakuwa na sababu ya kupiga simu, na bila sababu hakujua simu inapigwaje.

Ila kulikuwa na kitu kidogo. Alianza kuamka mapema kuliko saa ya kuamka. Alianza kutoka uwanjani bila viatu. Na siku moja, akiwa kazini, pasi ilisimama juu ya shati la mteja mpaka mwenye duka akasikia harufu.

"Wewe! Unaunguza! Unawaza nini?"

"Kijiti," akasema Bi Ndoo.

Upande wa pili wa mtaa, Kinyozi alikuwa ameweka simu yake kwenye rafu, kati ya poda na brashi, uso juu. Alinyoa kwa jicho moja, la pili lilikuwa kwenye simu.

"Bwana, huo mstari mbona unapanda mlima?" akauliza mteja mbele ya kioo.

"Ndiyo mtindo mpya."

"Mtindo mpya gani? Sikio moja limekuwa juu ya lingine!"

"Samahani, kaka. Nitakunyoa bure."

"Nani kakuchanganya? Mwanamke?"

"Nyanya," akasema Kinyozi, na mteja akaona heri anyamaze, maana wembe ulikuwa karibu na shingo.

Kinyozi alilijua jua la wiki ile. Alijua ndoo ile inashika maji kiasi gani na mmea ule unakunywa kiasi gani. Kijiti hakiwezi kuwa bado kinaelea. Jibu lilikuwa moja: Bi Ndoo anajaza mwenyewe. Na Kinyozi mwenyewe alikuwa amempa ruhusa ya kumfukuza hivyo, kwa mdomo wake mpana. Alitaka kupiga simu, akajikaza. Ameahidi kungoja aitwe, hakuitwa, basi ndiyo jibu. Usiku hakulala vizuri, na mchana aliacha kusimulia habari. Wateja wakaanza kuulizana kama kafiwa.

Halafu umeme ukakatika kwenye duka la dobi. Pasi zikapoa, mwenye duka akawaambia wafanyakazi waende nyumbani. Bi Ndoo alifika kwake mchana, saa ambayo hakuwahi kuwa pale siku za kazi, akapita jikoni moja kwa moja hadi uwanjani kutazama kijiti.

Mama Mdogo alikuwa ameinama juu ya ndoo ya nyanya, kanga imefungwa kiunoni, jagi mkononi. Alikuwa anamimina maji kwenye bomba taratibu, huku akiuimbia mmea wimbo wa kubembelezea watoto. Kichwa chekundu kilikuwa kinapanda.

"Mama Mdogo."

Jagi likaanguka.

"Unafanya nini?"

"Nanywesha, mwanangu. Zina kiu, masikini, jua lote hili na mwanamume mwenyewe haji—"

"Tangu lini?"

"Kila siku. Ukitoka tu—"

"Kila siku?"

Kitu kilimpanda Bi Ndoo kutoka tumboni, cha moto, kikamfika kooni. Hakukitambua. Alikuwa hajakiona muda mrefu.

"Nani amekutuma?" alifoka, na sauti ikagonga kuta tatu zikairudisha. "Nani amekuambia ujaze? Nilikuwa nangoja maji yaishe! Kila asubuhi nakuja hapa nangoja yaishe! Alisema kijiti kikizama nimpigie, na wewe unajaza, unajaza, unajaza!"

Mama Mdogo alipigwa na butwaa. Mpwa wake hakuwa amepandisha sauti tangu msiba, hata kwa paka.

"Mimi sikujua," akasema. "Mimi niliona haji. Nikasema zikikauka na hizi, mtoto wa dada yangu ataniishia mikononi. Niliyaona makopo ya dada yakikauka, moja baada ya jingine, na mimi nimekaa jikoni najifanya sioni kwa sababu nilikuwa nalia. Nikasema hizi hapana. Hizi hazikauki."

Bi Ndoo alikaa chini, juu ya saruji iliyolowa, na gauni lake lililonyooshwa.

"Sikusahau," akasema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Watu wote walisema nilisahau kuyanywesha. Sikusahau, Mama Mdogo. Nilikuwa napita hapa na beseni la nguo, nayaona. Nayaona yamelegea, nayaona yanaanguka. Kopo la maji lilikuwa pale pale. Sikuweza kuinua mkono."

Kisha akalia. Hakulia vizuri. Alilia kwa kelele mbaya, kamasi zinamtoka, na Mama Mdogo akakaa naye kwenye maji, akamvuta kifuani, wakamlilia wote wawili marehemu wao, kwa kuchelewa sana, mchana kweupe, chini ya soksi za watu.

Walipotulia, Mama Mdogo alijifuta kwa pindo la kanga.

"Sasa mpigie mwanamume wa watu."

"Nimwambie nini? Kijiti kiko juu. Umejaza."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu! Simu haiendi kwa maji! Mpigie."

Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa. Simu ilipolia kwenye rafu aliidaka kabla ya mlio wa pili, akamwaga poda.

"Bi Ndoo."

"Kinyozi."

Kinyozi alisikia pumzi ya Bi Ndoo, nzito, kama mtu aliyekimbia.

"Kijiti kimezama?" akauliza.

"Hakijazama. Ndoo imejaa, mpaka inadondosha pembeni."

Kinyozi alifumba macho. "Haya. Umejaza mwenyewe. Nimeelewa."

"Hujaelewa. Alikuwa anajaza Mama Mdogo, mimi sikujua. Mimi nilikuwa nangoja zikauke."

"Sasa kama maji yapo, mimi nije kufanya nini?"

"Maji usilete. Njoo hivyo hivyo."

"Una neno lingine?"

"Sijui kama ni lenyewe. Nimekasirika. Nimemgombeza Mama Mdogo. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Na ulipokuwa huji, nilikuwa nakutafuta kila asubuhi kwenye lile bomba. Mengine sijui. Njoo."

"Nina mteja nusu kichwa."

"Mmalizie kwanza. Halafu njoo mbio."

Mteja yule mpaka leo anasimulia kwamba hajawahi kunyolewa haraka vile na kutoka mzima.

Kinyozi alifika na nywele za watu kwenye mikono ya shati, hana kopo la maji, hana chumvi, hana hotuba. Bi Ndoo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, gauni limelowa na kukunjamana, macho yamevimba. Kinyozi alikuwa hajawahi kumwona amekunjamana. Alivuta ndoo nyingine akakaa karibu, magoti yao yakagusana.

"Sijapona," Bi Ndoo akamwambia. "Usidhani nimepona. Kesho naweza kuamka tena sisikii kitu."

"Nitakuja kesho nione."

"Na keshokutwa?"

"Mimi kwangu nina moshi wa jirani tu, nitakwenda wapi?"

Bi Ndoo hakucheka, lakini alinyoosha mkono, akachuma nyanya, akaiuma bila kuikata. Alitafuna polepole. Uso wake ukajikunja.

"Chachu," akasema.

"Umesemaje?"

"Nyanya hii ni chachu. Bado haijaiva vizuri."

Kinyozi alimtazama kana kwamba ameambiwa ameshinda bahati nasibu. "Unalalamika!"

"Si ni chachu kweli? Onja."

Akaonja. Ilikuwa chachu mpaka jicho moja likafumba lenyewe. Akaila yote.

"Na ile ya kwanza?" akauliza. "Ilikuwaje?"

"Ya kwanza sikuionja. Niliimeza tu." Bi Ndoo aliangalia kidole chake, penye kovu dogo la msumari. "Lile swali la siku ile. Niulize tena."

Pazia la jikoni likatulia tuli.

"Nataka kukuoa," Kinyozi akasema, pole pole safari hii. "Utasemaje?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nilimpenda mmoja nikamwona akiondoka kidogo kidogo. Nikikupenda na wewe, ndiyo yale yale. Naogopa mpaka mikono inaniganda, gusa uone. Lakini nataka."

Kinyozi aliigusa. Ilikuwa baridi kweli. Akaifunika kwa yake miwili, akaiweka mapajani mwake ipate joto, na hakusema mzaha wowote.

"Hilo nalipokea," akasema.

Mama Mdogo alishindwa kuvumilia, akatoa kichwa dirishani, macho mekundu, kucha nyekundu. "Mimi jagi nimelifungia kabatini! Sigusi tena! Kijiti kikizama nani atajaza?"

Hawakumjibu. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ukuta, na mashati juu yao yalikuwa yameanza kukauka. Kwenye bomba la ndoo ya nyanya, kijiti kilikuwa kimesimama wima na kichwa chake chekundu. Siku ile hakuna aliyekitazama.